Mashine ya Ukweni

Mimi nina kasoro mbili, na sizifichi. Ya kwanza ni hasira. Hunipanda haraka na kushuka haraka. Ya pili ni mdomo. Hasira nimeanza kuijulia, lakini mdomo ndio ulionitia kwenye balaa hili ninalotaka kuwasimulia, na laiti ungekuwa na swichi, ningeuzima siku ile kabla haujafika mbali.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kufulia. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Nimefungua mashine zilizomeza sarafu, sindano, funguo, soksi za watoto, hata meno ya bandia ya bwana mmoja aliyeapa kwamba si yake, naye mdomoni hana hata jino moja la mbele. Kwa hiyo mtu akiniambia mashine yake inasumbua, sishtuki. Najiona kama mwalimu aliyeulizwa moja jumlisha moja.

Mchumba wangu ni nesi, na watu wote humwita Nesi, hata mama yake mzazi. Ana sauti ya upole na macho makali, ndiyo maana wagonjwa wake humeza dawa bila ubishi. Siku aliponipeleka kwao kujitambulisha, alinionya tukiwa bado mlangoni.

"Baba amefundisha hesabu miaka thelathini na minne," aliniambia. "Ukisema neno analishika hilohilo. Tafadhali, sema kidogo."

"Usiwe na wasiwasi," nikamjibu. Hee!

Tulipokelewa vizuri. Baba yake, ambaye hata majirani humwita Mwalimu, ni mzee mrefu, mkavu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Mama yake ni mtu wa kicheko. Alinicheka kabla sijakaa, kwa sababu nilikuwa nimefunga tai kwa mara ya kwanza maishani na ilikuwa imenishinda. Na Bibi, mama mzazi wa Mwalimu, alikuwa kwenye kiti cha pembeni akinikagua kuanzia viatu kupanda juu. "Mikono ana," alisema hatimaye, na nikajua nimefaulu mtihani mmoja.

Chai ikaja. Mazungumzo yakawa mazuri. Mara kutoka chumba cha nyuma ukasikika mlio ninaoujua kuliko sauti ya simu yangu: pii, pii, pii.

Mama akajishika kichwa. "Imegoma tena!"

Wakaanza kunieleza wote kwa pamoja. Mashine yao hufua vizuri tu, ikifika zamu ya kukamua, inasimama. Maji yamejaa ndani, mlango umejifunga, taa nyekundu inawaka. Tena haigomi kila siku. Siku nyingine inamaliza kazi bila shida, kesho yake inagoma. Mafundi wawili walishakuja na kuondoka. Mama alikuwa amechoka kukamua mashuka kwa mikono, na mkono wake wa kulia ulishaanza kumuuma.

Hapo mdomo ukafunguka. "Mama, hiyo mbona kazi ndogo? Naimaliza kabla chai hii haijapoa."

Nesi alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilishatoka. Mwalimu akaweka kikombe chake kwenye kisahani polepole.

"Kabla chai haijapoa," alirudia. "Vizuri. Basi na mimi nikuambie langu. Umekuja kumtaka binti yangu, na wazee wako wanataka kuja kuzungumza nasi. Waje. Lakini waje baada ya mashine hii kufua na kukamua mara tatu mfululizo bila kugoma. Mtu ninampima kwa neno lake mwenyewe, si kwa langu."

"Hata kesho, Mwalimu!" nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya watu wazima.

Nilipoingia chumba cha kufulia, kila kitu kilikuwa kimeshapangwa. Mama na Nesi walitangulia mbio, wakatoa maji kwa chini, wakazitoa nguo na kuzificha kwenye beseni lenye mfuniko, wakapiga deki. Mgeni haonyeshwi nguo chafu, na mgeni mwenyewe nikashukuru. Hivi nani anataka kuona gauni la kulalia la mama mkwe wake likizunguka kwenye kioo? Mimi siwezi. Ningekufa kwa aibu palepale. Kwa hiyo niliijaribu mashine tupu, kwa maji matupu. Ikajaza, ikazunguka, ikatoa maji, ikakamua kwa mlio mtamu kabisa. Nikabadilisha pampu kwa ajili ya uhakika, nikanawa mikono, nikarudi sebuleni kifua mbele. Chai ilikuwa imepoa, lakini hakuna aliyelitaja hilo.

Siku mbili baadaye Nesi akanipigia. "Imegoma."

Nikarudi. Nikakuta chumba kimepigwa deki, beseni lina mfuniko, mashine tupu. Nikabadilisha bomba la kutolea maji na kile kidude kinachopima maji yamefika wapi. Nikaijaribu tupu: safi kabisa. Wiki ile ikafua mara mbili vizuri, nikaanza kupiga mluzi kazini. Mara ya tatu ikagoma.

Nikarudi tena. Safari hii nilikagua waya mmoja baada ya mwingine, mpaka magoti yakafa ganzi. Nilimuuliza Mama, "Sabuni mnatia kiasi gani?" Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa mwandiko wa Mwalimu, imepigwa mstari kwa rula: SABUNI NI KIJIKO KIMOJA TU. Mwalimu alikuwa amesoma kijitabu cha mashine chote, kurasa zote, akawasomea familia nzima kwa sauti. "Hapa sheria ni sheria," alisema Mama. Basi suala la sabuni nikalifuta kichwani. Nani angevunja sheria ya Mwalimu?

Mashine ikagoma tena.

Miezi miwili ilipita hivyo. Wazee wangu walishajiandaa mara mbili, na mara mbili nikawaambia bado. Shangazi yangu, ambaye hana breki, alinipigia simu kazini.

"Baba yako mdogo amenyoa mara mbili kwa ajili ya safari hii," aliniambia, "na mara mbili amenyoa bure. Mimi nimesuka, nimefumua, nimesuka tena. Ndoa na mashine ya kufulia wapi na wapi?"

"Shangazi, ni neno nililotoa mwenyewe."

"Si ulimeze!"

Ningeweza kulimeza, ningelimeza. Lakini Nesi aliniambia waziwazi, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi yake: "Baba harudi nyuma. Na mimi nakupenda, lakini sitaolewa kwa kumruka baba yangu. Itengeneze." Halafu akaanza kulia, yeye ambaye sijawahi kumwona akilia hata siku moja. Niliumia. Nilimpenda yule binti mpaka kila pii niliyoisikia barabarani ilinishtua.

Ijumaa hiyo, karakanani, nilikuwa nimekaa juu ya mashine ya mteja mwingine nikila mkate, ndipo nikajiuliza swali ambalo fundi wa mwezi wa kwanza angejiuliza. Je, nimewahi kuiona mashine ile ikifua nguo? Hata mara moja? Mara zote nimeiona ikizungusha maji matupu, kwa sababu mimi naona haya na wao wanaona haya. "We mjinga!" nilijiambia kwa sauti, na mteja aliyekuwa mlangoni akadhani ni yeye. Ikabidi nimwombe radhi.

Sasa nguo nazitoa wapi? Siwezi kumwambia mama wa watu, "Mama, lete vyako nivione." Nikavua ovaroli yangu. Ilikuwa na grisi ya wiki mbili, imekakamaa kiasi cha kusimama bila mtu ndani. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko.

Jumamosi asubuhi nikafika. Nikaiweka ovaroli ndani ya mashine, nikatia kijiko kimoja cha sabuni kama ilivyoandikwa ukutani, nikawasha. Maji ya mtaa ule hutoka kivivu sana. Mashine huchukua dakika kumi na tano kujaa, huku yakipita taratibu kwenye droo ya sabuni. Nikamwambia Mama natoka nje kukagua mfereji. Nikatoka kweli, nikaukuta mfereji ni mzima, nikaacha mkoba wangu wa vifaa pale uani na kuingia tena kwa mlango wa nyuma. Nikaisogeza mashine kidogo kutoka ukutani, nikalala kifudifudi nyuma yake na tochi yangu, niangalie maji yanavyopanda. Kila mtu mwenye akili alijua fundi yuko nje.

Nikasikia mlango. Nikachungulia kupitia chini ya mashine, nikaona ndala za kijani. Mama. Nilitaka kukohoa, lakini nilikuwa nimelala nimebinua makalio juu, mbele ya mama mkwe. Nikasema moyoni, atatoka tu. Hakutoka. Alisimama mbele ya kioo, akaguna.

"Grisi yote hii!" alijisemea. "Kijiko kimoja kitaitoa? Thubutu!"

Nikasikia droo ikivutwa. Nikasikia kitu kikimiminika, kikombe kizima. Droo ikafungwa, ndala zikaondoka kwa kunyata.

Kabla sijajikusanya, mlango ukafunguka tena. Safari hii zilikuwa sapatu za kitambaa, zinakokota. Bibi. Alifungua fundo la pindo la nguo yake, maana niliusikia mpasuko wa karatasi ya nailoni.

"Nguo bila povu imelowana tu, haikufuliwa," alinong'ona. "Mume wa mjukuu wangu atembee na madoa, watu waseme tumemwoza kwa nani?" Akamimina, kikombe kingine, akajikokota kwenda zake.

Sasa hasira zikaanza kupanda. Miezi miwili! Pampu mpya! Magoti yangu! Nilikuwa nakusanya viwiko ninyanyuke niwaite wote, ndipo vikaingia viatu vyeupe vya kazini. Nesi! Mchumba wangu mwenyewe, aliyelia kwenye benchi! Nikachungulia kwa ubavu wa mashine, nikamwona akitoa kitu mfukoni, akatia nusu kikombe kwa mkono uliozoea kupima dawa, akagonga droo kwa kidole irudi. "Nakusaidia, mpenzi," aliiambia ovaroli, akatoka mbio.

Haki ya Mungu, nilitaka kupiga kelele. Nilishafungua mdomo. Na huo mdomo mnaujua.

Lakini mlango ukafunguka kwa mara ya nne, taratibu, kwa adabu. Makubadhi ya ngozi, yaliyong'arishwa. Mwalimu mwenyewe. Kwa upenyo uleule nikamwona akitazama nyuma kama mtoto anayeiba sukari, kisha akatoa mfukoni boksi la chaki. Lilijaa sabuni. Akamimina mara moja. Akafikiri. Akamimina mara ya pili. Sabuni nyingine ikamwagika juu ya mashine, ikateleza nyuma, ikanidondokea kichwani na kwenye sikio. Nikabana pua kwa vidole viwili nisipige chafya.

Akainama mbele ya kioo, akaitazama ovaroli yangu ikigeuka. "Haya, kijana," alisema polepole. "Leo itoke safi. Leo ikamue, tumalize jambo hili, binti yangu aache kulia."

Akaondoka. Na hasira yangu ikaondoka naye. Nililala pale sakafuni nimejaa sabuni, nikaelewa kila kitu. Kila mtu nyumba ile aliitii karatasi mbele ya wenzake, na kila mtu aliivunja kwa siri, akijua ni yeye peke yake. Siku Nesi akiwa zamu au Mwalimu akiwa kwenye kikao cha wastaafu, sabuni ilipungua na mashine ikakamua. Siku wote wakiwa nyumbani, balaa. Povu likizidi, pampu inavuta hewa badala ya maji, na kile kidude kinadanganyika kwamba maji bado yamejaa. Mashine inakataa kuzunguka, nayo ina haki. Halafu mimi nikija, povu limeshakufa, nguo zimeshafichwa, nami najaribu maji matupu na kujipongeza.

Kumbe mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inapendwa kupita kiasi.

Lakini sasa niseme nini? Nikinyamaza, nimeshindwa kazi, na ndoa ndiyo hivyo tena. Nikisema, namwambia mama mkwe kuwa ni mwongo, namwambia Bibi kuwa ni mwongo, na namwambia Mwalimu, mbele ya familia yake, kwamba aliyeandika sheria ndiye aliyeivunja kwa boksi la chaki. Niambieni nyinyi.

Povu halikunisubiri. Lilianza kutoka kwenye droo polepole, kisha likashuka mbele ya mashine, likatandaa sakafuni, likanifuata nyuma nilikokuwa. Nikanyanyuka, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajifuta niwezavyo, nikachukua mkoba uani na kuingia tena kwa kishindo kama mtu atokaye mbali. Muda uleule mashine ikalia: pii, pii, pii.

Wote wakaja mbio. Wakasimama mlangoni: Mama, Bibi, Nesi, Mwalimu. Povu lilikuwa limefika kwenye vifundo vya miguu. Kioo chote cheupe, ovaroli haionekani.

"Salaale!" alisema Mama.

"Fundi," Mwalimu aliniuliza, "ulikuwa wapi?"

"Nje, Mwalimu. Kwenye mfereji."

"Tatizo ni nini?"

Nikavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipima neno kabla ya kulitoa.

"Tatizo ni langu," nikasema. "Miezi miwili naijaribu mashine bila nguo wala sabuni, kwa sababu naona haya. Fundi hatakiwi kuona haya. Leo nimetia nguo, na leo nimeuona ugonjwa: ni povu. Mashine ni nzima. Sabuni imezidi. Naomba radhi kwa kuwachelewesha, na naomba radhi kwa yale niliyosema siku ya chai."

Povu lilikuwa likipasuka polepole, chi, chi, chi. Nilidhani itaishia hapo. Lakini Bibi akaanza kutikisika mabega.

"Mimi nilitia kikombe," alisema, na kicheko kikamponyoka. "Kimoja tu, jamani!"

Mama akageuka. "Kumbe na wewe, mama?"

"Na wewe nani?"

"Mimi nami nilitia kikombe! Kila siku natia! Nilidhani ni mimi tu!"

Nesi akaziba uso kwa viganja viwili. "Nusu," alisema kupitia vidole. "Nusu kikombe. Sare zangu zilikuwa hazing'ai."

Wakashikana, wakacheka mpaka Mama akalazimika kukaa juu ya beseni lenye mfuniko. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa adabu, nikatazama sakafu. Sikumtazama Mwalimu. Nilikuwa nimekwisha kuamua: vikombe vyake nitazikwa navyo.

Lakini yeye alikuwa akinitazama mimi. Alisogea, akanyoosha mkono, akanigusa nyuma ya sikio. Kidole chake kikatoka na unga mweupe. Akautazama. Akatazama nafasi iliyokuwa kati ya mashine na ukuta. Akanitazama tena usoni.

"Vikombe viwili na nusu," alisema kwa sauti yake ya darasani, na wanawake wakanyamaza. "Pamoja na kijiko cha fundi. Hiyo ndiyo jumla yenu?"

"Ndiyo," alisema Mama.

"Hesabu haijatimia. Ongezeni viwili."

"Viwili vya nani?" aliuliza Bibi.

Mwalimu akatoa boksi la chaki mfukoni, akaliweka juu ya mashine, mbele ya mama yake, mkewe na binti yake. "Vya kwangu," alisema.

Bibi alipiga kigelegele. Nilidhani Mama atazimia kwa kicheko. Mwalimu alisimama wima akingoja watulie, masikio yamemwiva, kisha akaibandua karatasi ukutani, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni.

"Kijana huyu alijua," aliwaambia, "na alinyamaza. Siku ile ya kwanza sikudhani anaweza kunyamaza."

Nesi akanitazama. Sijui niwaelezeje macho yale. Nilijisikia mrefu kuliko mlango.

Kazi ikaanza. Tulilikomba povu kwa vizoleo vya taka, tukaisuuza mashine kwa maji matupu mara mbili mpaka kioo kikawa kioo tena. Kisha nikatia kijiko kimoja, kimoja kweli, nikawasha upya, na wote tukavuta viti mpaka mlangoni pa chumba cha kufulia. Hakuna aliyeruhusiwa kupita. Kila mtu alimlinda mwenzake. Ilipofika zamu ya kukamua, Mama alinishika mkono bila kujua. Mashine ikatulia kidogo, ikavuta maji, ikaanza kuzunguka, taratibu, halafu kwa kasi, ikikoroma vizuri kabisa. Ovaroli yangu ikatoka na rangi niliyokuwa nimeisahau.

"Moja," alisema Mwalimu.

"Jamani, na wewe!" alisema Mama. "Bado unahesabu?"

"Neno ni neno. Mara tatu mfululizo. Bado mbili."

Mama akanyanyuka, akaliendea lile beseni, akaondoa mfuniko. Akalisukuma kwa mguu mpaka mbele yangu, limejaa mashuka, magauni, nguo za Bibi, sare za Nesi, vitu vyote walivyokuwa wakinificha miezi miwili.

"Tia na hizi, mkwe wangu," alisema. "Haya zimeshatuisha."

Nikazitia, macho yangu dirishani, maana zangu hazikuwa zimeisha kabisa. Mashine ikafua, ikakamua. "Mbili," alisema Mwalimu.

Sasa ikawa shida nyingine: nguo chafu zimekwisha. Mama akapita vyumba vyote, akarudi mikono mitupu. Bibi alitaka kuvua kilemba chake, akakatazwa. Nikasema si kitu, nitarudi Jumatatu, wiki ijayo wazee wajiandae. Nesi akainamisha kichwa, nami roho ikaniuma, maana kesho yake ndiyo ilikuwa Jumapili, siku ambayo wazee wangeweza kuja.

Mwalimu alikuwa amekaa na kikombe chake cha chai. Alitazama chai, akajitazama kifuani, lile shati jeupe, kola imesimama. Kisha, bila haraka, akainua kikombe na kujimwagia chai yote kuanzia kola mpaka mfukoni.

"Loo!" alisema. "Nimejichafua."

Hakuna aliyecheka. Mama alijifuta macho kwa kiganja. Mwalimu akafungua vifungo kimoja kimoja, akabaki na fulana, akanikabidhi shati na kile kijiko.

"Tia wewe," aliniambia. "Wewe peke yako. Sisi hatuaminiki."

Nikatia. Maji yakajaa kivivu, shati likazunguka peke yake, na muda wote ule Nesi aliniegemea bega mbele ya wazazi wake, wala hakuna aliyemkataza. Mashine ikatoa maji. Ikakamua. Mlango ukajifungua wenyewe kwa mlio mdogo, tak.

"Tatu," alisema Mwalimu. Alilichukua shati, akatoka nalo uani mwenyewe, akalianika kwenye kamba kando ya ovaroli yangu, katikati ya magauni na sare. Halafu akanigeukia, mzee yule mrefu mwenye fulana.

"Mpigie shangazi yako," alisema. "Mwambie baba yako mdogo anyoe tena. Kesho saa nne."